Ujumbe Kutoka Chumba cha Pili

Nilirudi Jumatano, theluji ikiwa bado haijaamua
kama ni theluji au ni matope.
Masanduku mawili, na mgongo uliojifunza kule Padova
uzito wa mama wa watu wengine.
Ulinipokea langoni kwa mkono, Ilinca,
kama apokewavyo msoma mita ya gesi.

Miaka saba.
Nilikuacha na pengo la meno ya mbele,
nimekukuta na ufunguo wa mlango wako mwenyewe.

Usidhani sikuwa nakuona. Nilikuona kila Jumapili,
nimeegemezwa kwenye chupa ya achari ya matango,
uso wangu mdogo mezani kati ya mkate na chumvi.
Bibi yako Paraskiva alinisogeza kando
alipotaka kupakua supu.
Nawe ukaniambia nzuri, nzuri,
shule nzuri, afya nzuri, hata baridi ilikuwa nzuri,
nami, niliyeweza kusikia nyuma ya ukuta
pumzi ya Bi Ornella ikibadilika saa tisa za usiku,
nikalipokea neno lako kama risiti,
nikalikunja, nikaliweka mfukoni.

Mwalimu wako wa hisabati ameniita.
Hagombani, akasema, halii, haombi msaada,
ni mtoto wa kujitegemea.
Alisema kama anayenikabidhi zawadi.
Nilitazama viatu vyangu vya Italia.
Nilijua anamsifu nani: yule wa miaka tisa
aliyegundua kwamba kulia hula dakika,
na dakika zikiisha mama hukatika.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wamesema.
Umwachavyo je? Hapo wahenga walitazama pembeni.
Nilituma jaketi, nilituma jibini, nilituma paa jipya
ambalo chini yake hulali.
Nasikia nyayo zako. Dirisha hadi kitanda,
kitanda hadi dirisha.

Usiku wa kumi na moja simu yangu ilitetemeka juu ya friji.
*Umelala?*
Jina lako. Hatua nne kutoka nilipokaa.

Niliinuka nije. Mkono ulifika kwenye kitasa, ukakataa.
Huku nje mimi ni mgeni mwenye masanduku,
mama yako ni yule wa ndani ya kioo,
na ni yeye uliyemgongea.
*Bado,* nikaandika.

*Nilipokuwa na miaka kumi niliumwa masikio.*
Kimya.
*Nilikwambia nzuri.*

Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wako.
Niliandika *najua*, nikafuta. Sikujua.
Niliandika *nisamehe*, nikafuta pia,
maana ungelazimika kunijibu nzuri.
*Sikio lipi?*
*Yote mawili.*
*Siku ngapi?*
Ubao ukalia kidogo. Uzito ulikuja upande wa pili,
uti wa mgongo wako, nadhani, pingili kwa pingili,
na kati yetu unene wa msonobari na rangi ya zamani.

Uliyoandika baada ya hapo ni yako, siyasemi.
Mimi niliuliza tu, tena na tena,
kama anayelipa deni kubwa kwa sarafu za shaba,
akijua duka litafungwa kabla hajamaliza.

Saa tisa na nusu: *Nina njaa.*

Viazi, kitunguu, mafuta ya alizeti.
Nilikata vibaya, vipande vinene na vyembamba,
vingine vikaungua vingine vikabaki vibichi.
Mlango ulifunguka upana wa sahani.
Mkono ukatoka, ukapokea, ukaingia.

Nikabaki ukumbini na mwiko,
nikisikia uma.

Halafu sauti. Si ya simu. Nzito kuliko niliyoikumbuka,
yenye kero ya mtu aliye nyumbani kwao:
"Mama, hivi havina chumvi."

Lalamiko la kwanza katika miaka saba.
Nilikimbia jikoni nusura nianguke.