Mzinga wa Gobu

Waliuliza: juu ya ule mbambakofi kuna nini?
Nikajibu kama ningemjibu yeyote:
mzinga wa Gobu, mwanangu.
Mkalimani alikuwa kijana wa mbali,
Kiswahili chake alikitoa kitabuni
mahali ambapo hakuna nyuki wa kumuuma.
Akamgeukia bwana mkubwa wa kigeni,
akamfasiria ule mzinga mwingine,
wenye baruti.

Alasiri kikaja kile kidude kisicho na rubani,
kikinguruma taratibu, kama mtu anayesafisha koo.

Mbambakofi ukaanguka na miaka yake yote.
Asali ilichemka, ikadondoka nyeusi.
Wakapongezana.

Baba alinifunza: moshi kwanza, bila pupa,
na uwaachie sega moja, wasije wakakukumbuka.
Hawa hawakuacha kitu.
Nyuki wakahamia Basuba, wakahamia Milimani,
wakaingia tangi la maji la shule,
spika ya msikiti,
hata buti la afande alilolianika juani.

Sasa nisikilizeni, maana sitaki kusemewa.
Wale wa usiku si watu wangu.
Walimchinja shemeji yangu Worde kwa kilo mbili za unga,
kisu chake mwenyewe kikiwa bado kiunoni.
Vuli ile, kabla ya mti, nyayo zao nilizihesabu
kwenye tope la Bodhei:
saba, mmoja akichechemea.
Saba tu! Tungeweza kuwataja kwa majina.

Baada ya mti walirudi.
Hawakuleta aya.
Walileta kipande cha sega kilichoungua,
kimefungwa gazetini,
wakamuuliza Gobu swali moja:
hiki ni cha nani?

Miaka kumi na saba.
Mtoto aliyekuwa akiogopa hata chatu aliyekufa.

Juzi bwana mkubwa amekuja tena, na mkalimani mwingine.
Msitu bado umefungwa kwa amri, sisi tunakula unga wa msaada.
Akatandaza ramani juu ya boneti.
Wako wangapi sasa?
Nikasema: nyayo zimepandana, bwana,
siwezi tena kuhesabu.

Ila mmoja namjua.
Kidole gumba cha kushoto hakigusi ardhi.
Alikivunja akishuka na asali, mwaka wa njaa,
na hakuiachia ndoo.

Hilo halikupata mkalimani.