Chini ya Mto

Afisa ustawi alipanda Newala kwa pikipiki,
nyuma yake mtoto, amekumbatia mfuko wa salfa uliofuliwa,
ndani gauni moja na kandambili ya mguu mmoja.
"Ni kwa muda tu, Mama Nantanda."
Nikasaini. Vidole vyangu vilikuwa bado vyeusi
kwa utomvu wa korosho; karatasi ikapata alama yake.

Somoe. Miaka sita, labda saba.
Usiku wa kwanza hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi, nikitandika, nikakuta chini ya mto
ming'oko mitatu, chumvi na pilipili zimegandana na shuka.
Sikusema kitu. Kesho yake, minne.
Nikawa nachemsha ya ziada,
naacha bakuli mezani bila kifuniko,
ajue humu chakula hakifungiwi.

Maji huku juu tunanunua kwa ndoo, mnajua.
Shuka ile niliifua wiki tisa.

Wiki ya kumi nikainua mto: hakuna.
Nikakaa pale pale nikalia mimi,
mtu mzima, kanga mdomoni.

Sasa afisa ana majina mengine kumi na moja
kwenye daftari lililokunjika pembe.
Msiniambie nina moyo.
Moyo wangu wa kawaida, una hasira, unachoka.
Nilichokuwa nacho ni chumba cha magunia.
Magunia nimeyahamishia jikoni.

Wewe, Bi Nachuma,
yako umeyaweka wapi?