Swali la Kumi na Moja

Nimehesabu viyoyozi: kimoja, tena kimekufa.
Nimehesabu vyumba, magodoro, watoto,
nikapiga picha tenki la maji juu ya dari,
nikaandika: limepasuka, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hii ndiyo kazi niliyoajiriwa,
kuupima umaskini wa watu wa Ibra
kwa kalamu ya bluu, kabla ya adhuhuri.

Bi Rayya ametandika jamvi, ameweka tende na kahawa.
Kanijua kwa lafudhi. "Wewe wa Unguja au Pemba?"
"Mama yangu wa Wete," nikamwambia,
na Kiarabu changu cha ofisini
kikatoka nje, kikavaa viatu.

Tukafika swali la kumi na moja:
Je, mwombaji anapata msaada mwingine wowote?
Akijibu ndiyo, hukatwa.
Si mimi nikataye. Ni kompyuta, kule Maskati,
haijapata kunywa kahawa ya mtu.

Nyuma ya mlango kuna gunia,
kilo arubaini, na jina la Hamdun bin Sleyum
limepigwa chapa kubwa kuliko la mchele wenyewe.
Gunia linanitazama mimi.
Bi Rayya anaitazama kalamu.

Mwaka tuliofika nchi hii nilikuwa na miaka sita.
Kila usiku wa kuamkia Ijumaa
bahasha ilipita chini ya mlango wetu,
riyali tano, bila jina.
Watu walisema hiyo ndiyo sadaka hasa,
mkono wa kulia umetoa, wa kushoto haukujua.
Sawa. Lakini mama naye hakujua,
na asubuhi akitoka kununua mkate
aliwaamkia wote kichwa chini,
muuza samaki, fundi cherehani,
hata yule jirani aliyetutupia taka uani,
maana yeyote kati yao huenda ndiye.
Shukrani isiyo na anwani ilimpinda mgongo.
Ilipokuja hati ya serikali, ya wajane, yenye muhuri,
aliinyoosha juu ya goti akacheka:
"Huyu hana macho. Huyu naweza kumdai."

Nikakua nikiliamini neno hilo,
hata nikaenda kuajiriwa
kuwa macho ya asiye na macho.

"Andika, mwanangu," kasema Bi Rayya.
Hakuniomba. Sauti yake
ilikuwa ya mtu aliyekwisha kunja mkono wa nguo, anangoja sindano.
Nikalisukuma gunia kwa mguu hadi nyuma ya pazia.
Nikaandika: Hakuna.
Akanimiminia kahawa. Nikatikisa finjani, imetosha.
Akamimina. Nikatikisa.
Akamimina.

Nyumba iliyofuata, ng'ambo ya wadi,
Mzee Mhenna hakungoja nimalize kusoma.
"Ndugu yangu yuko Ajmani! Hunitumia ishirini,
Mungu amzidishie," huku kifua mbele,
kama anayeonyesha picha za arusi.
Nikamuuliza tena, polepole, nikimwachia mlango wazi:
"Kila mwezi, mzee? Au mara mojamoja?"
"Kila mwezi! Hajakosa hata mmoja!"
Mwanawe wa kiume amekaa pale, anasikia.
Nikaandika: Ndiyo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wanasema wa kwetu.
Hawakusema ni nani atakayekuja na fomu.

Nilizitia saini zote mbili kwa mkono mmoja,
nikazifunga kwa pini, nikala chakula cha mchana.
Usiku ndipo nilipomfikiria yule ndugu wa Ajmani,
amesimama foleni kutuma ishirini zake,
hajui kwamba anamtumia serikali.

Jumatano, kwenye soko la wanawake,
nilikuwa nachagua ndimu kavu, nagombania bei.
Bi Rayya akapita na kikapu chake.
Nilimwona kabla hajaniona; nikataka kugeuka.
Akasimama.
Akaniamkia, mimi, kichwa chini.