Tundu la Mgongoni

Ayikoru aliniletea shati la mumewe,
limefuliwa mara tatu na bado lina ramani ya kahawia.
Kampuni ya ulinzi inadai sare yake,
la sivyo itakata mshahara wa mwisho.
"Liunge tu," aliniambia. "Lisionekane."

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua.
Miaka kumi na tisa nasoma nguo:
kiwiko cha karani, goti la mwenye kusali,
ukosi wa mdaiwa anayegeuka kila hatua.
Na risasi nayo ina mwandiko wake.
Inapoingia huuma uzi kuelekea ndani;
inapotoka hupasua, kama mtu aliyekosa mlango.

Shati la Onzima limeumwa mgongoni.

Sasa niambieni, ninyi mnaojua hesabu:
yule mwenye koti la mvua alisimama mbele,
penye mizani ya simsim,
akimimina risasi kama anayemwaga maji machafu.
Onzima alimkabili na bunduki yake kuukuu,
kitako kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nyuma ya Onzima, mlangoni pa duka la saruji,
alikuwa Bwana Aliga
na bastola yenye kibali.

Redio ilisema: raia shupavu.
Mji ukasema: kama si Aliga tungezikwa sote.
Sikatai. Wasichana wa saluni walitokea dirishani
pale muuaji alipogeuza shingo
kutafuta mlio mpya unatoka wapi.
Sita. Niliwahesabu wakiruka,
mmoja dawa bado inamuunguza kichwa.
Wako hai. Juzi huyo huyo kaleta gauni la harusi nilipunguze.
Hesabu hiyo nitaiweka wapi?

Ila nilikuwa chini ya meza, shavu kwenye sakafu,
na ukiwa sakafuni milio yote ni ya adui.
Polisi walipofika waliona silaha tatu,
wakawapigia kelele wote watatu: Tupa chini!
Onzima hakutupa. Alikuwa ameilalia ya kwake.

Na muuaji mwenyewe hakuzuiwa na risasi ya mtu.
Bunduki ilimkwama, akabaki anaitikisa
kama redio iliyoishiwa betri,
hadi Feni muuza mayai akamvaa na baiskeli,
trei nne, mayai na vyote.
Feni hakutajwa popote.
Bado anauliza nani atamlipa.

Tangu siku ile wanaume huja na makoti.
"Mfuko wa ndani, fundi, upande wa kushoto,
kina cha kiganja, kitambaa kigumu."
Nimeshona kumi na mmoja.
Napima, nakata, napokea pesa, nina watoto shuleni,
na kila mmoja hunisimulia siku ile
kana kwamba alikuwepo,
kana kwamba mkono wake ungetulia.

Jana usiku nikifunga mlango, Aliga alikuja.
Amekonda; siku hizi ni koti linalomvaa yeye.
Aliliona shati kwenye kibao.
Hakuuliza. Nami sikulikunja.
Akavua koti, akaligeuza ndani nje,
akanionyesha mfuko niliomshonea mwaka jana.
"Ufunge."
"Kwa uzi gani?"
"Wowote. Usifunguke tu."

Nilishona mara mbili, kwenda na kurudi.
Akatoa pochi. Nikamwambia subiri,
nikavuta taa karibu, nikalifungua shati la Onzima
mgongo juu,
nikampa sindano anitungie uzi mweusi.
Alijaribu mara nne.
Mara ya tano nilimshikia taa.