Nani Analala Wapi

Kabla sijatoa tepu mfukoni nauliza:
nani analala wapi?
Bibi Nyamizi ananitazama kana kwamba nimeulizia mahari.
"Fundi, si umekuja kufunga hita?"

Ndiyo. Hita imekuja kwa treni,
ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke
anayecheka, povu kichwani.
Lugembe ndiye aliyeituma,
maana Julai ya Tabora haina adabu kwa magoti ya mzazi,
na maji ya pipani alfajiri
yanauma kama yameota meno.

Bomba la moshi anataka litokee nyuma.
"Huku mbele nimepanda maua."
Nyuma nimekwenda, nimesimama:
ukuta kwa ukuta, uchochoro wa kupita mbuzi mmoja,
halafu dirisha la Zamda, pazia la kitenge,
na nyuma ya pazia mtoto wa siku arobaini
anapiga chafya mbili, kama anayebisha hodi.

Hapana, bibi. Hapa hapana.

Mimi nimezaliwa Sikonge, mlangoni mwa bani.
Baba alikausha tumbaku kwa mabomba ya bati
yaliyolala sakafuni kama chatu aliyeshiba moto.
Usiku mmoja kiungo kimoja kiliachia.
Aliingia kukagua majani, akachelewa.
Tulimkuta amekaa, mgongo ukutani,
kandili ingali inawaka kando yake,
na juu yake majani yamekauka vizuri,
rangi ya dhahabu, daraja la kwanza.
Mnunuzi aliyasifu sana.

Moshi wa mrina asali una heshima:
unaonekana, unakereketa,
nyuki wanapewa nafasi ya kuondoka.
Huu hauna rangi. Hauna harufu.
Hauombi njia.
Unakaa ukingoni mwa kitanda
na kukufumba macho kwa kiganja cha uvuguvugu.

Basi tukaizunguka nyumba, mimi na bibi na kandambili zake.
Kona ya mashariki: upepo wa kipupwe hugonga pale ukarudi,
ungeurudisha moshi kooni mwa bomba.
Chini ya upenu: utanaswa, utatambaa darini,
na dari ina matundu juu ya kitanda cha wajukuu.
Penye mtungi wa gesi: astaghafiru.
Kibarazani anakoanikia nsansa: hata yeye alicheka.

Ikabaki mbele. Katikati ya maua.

Alinyamaza kitambo.
Kisha akainama, akang'oa mwenyewe shina la waridi,
udongo ukining'inia mizizini.
"Haya, panda chuma chako."

Nililiinamisha kidogo kuelekea nje, mvua isirudi ndani.
Mdomo wake juu kuliko kichwa cha mtu mrefu,
mbali na kila dirisha hatua kumi
(nilimtembeza bibi mwenyewe, nikahesabu).
Kofia ya bati juu,
wavu mdomoni, maana nyigu hawanunui kiwanja.

Wiki iliyofuata nikapita bila kuitwa.
Nikakuta amelitundikia kopo la maua,
limeziba nusu ya mdomo.
"Lilikuwa linatia huruma," alisema, "limesimama uchi."
Nikalitungua. Tukagombana kidogo.
Akanipa chai, na asali kwenye kisosi,
akaniambia mtoto wa Zamda ameshaanza kucheka.

Nikarudi Isevya, baridi imeshika masikio.
Mlango umefungwa, dirisha limefungwa,
chini ya mlango kanga imekunjwa, imebanwa.
Wanangu watatu kwenye mkeka,
na katikati yao jiko la mkaa, jekundu, tulivu.

"Usianze," mke wangu alisema.
"Yameshaiva. Hayana moshi tena."

"Hayo ndiyo," nikasema,
nikalibeba nje kwa mikono mitupu.