Ufunguo wa Ghala, Hombolo

Shika, Nyemo. Usiuvute. Unauinua kidogo ndipo unazungusha,
kufuli hili lina kiburi cha mwenye duka.
Jumapili fika kabla ya saa tatu,
fagia vumbi lililopenya usiku chini ya mlango,
panga viti kwa duara.
Kimoja mguu wake mbovu, hicho kalia wewe.

Harufu utakayoikuta ni ya zabibu za msimu uliopita;
kreti zimeondoka, uchachu umebaki ukutani.
Nyuki huja kuufuata. Waache.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nawafukuza kwa kanga
mpaka mzee Madeha akaniuliza,
wewe unaomba au unawinda?

Kibao kimeandikwa Marafiki,
watu hudhani ni kikundi cha vikoba.
Watakuuliza, mbona hamuimbi?
Kanisa la jirani lina spika nne na jenereta,
na haki ya Mungu, kwaya yao ni nzuri,
wakianza pambio mguu wangu hutikisika huku ndani.
Mwanangu mwenyewe amehamia kwao, anapiga kinanda.
Akija kula ugali wa uwele mchana hunitania,
"Leo mmenyamaza vizuri?"
Namwongezea mlenda ili naye anyamaze.

Lakini nikuambie la mwaka ule mvua ilipokata Januari.
Miezi mitatu hakuna aliyesimama kusema neno.
Wageni kutoka mjini wakatusifu: utulivu ulioje!
Nami mwenye ufunguo nikapokea sifa, nikashukuru.
Kumbe Ndahani anamdai Sechelela pesa ya pampu,
Sechelela anamdai Ndahani heshima,
na sote tunajua,
sote tumefumba macho,
na kitu kile tunakiita ibada.
Mtungi uliojaa na mtungi mtupu, yote imenyamaza.
Utajua siku ya kuinua.

Aliyeuinua ni Mwiza, bintiye Sechelela, miaka sita,
kwa sauti ya kuitia mbuzi:
"Mama, Mungu akifika atakaa upande wa nani?"
Ndipo tukaona. Duara lilikuwa limepasuka,
viti vinne huku, vitano kule,
na katikati njia pana ya kupita ng'ombe.
Hakuna aliyecheka. Nyuki alitembea gotini kwa Madeha.
Ndahani akasimama, kofia mkononi:
"Mimi hapa huwa nahesabu tu. Elfu arobaini na tano.
Kila Jumapili nahesabu. Hazipungui."
Akakaa.

Sechelela hakusamehe siku ile, wasikudanganye.
Alitoka bila kuaga, akasahau hata ndala.
Alhamisi akabisha kwa Ndahani
na elfu kumi na tano, na kuku mmoja mwenye hasira.
Ijumaa Ndahani akabeba pampu hadi kwenye mizabibu yake.
Mimi nilishika mpira. Ulikuwa umetoboka,
tukalowa wote watatu, tukacheka vibaya,
na maji yaliyobaki yakafika kwenye miche.
Jumapili tulikaa tena kimya,
lakini kizito kwa namna nyingine,
kama gunia lililoshikwa na watu wawili.

Basi, asipoonekana mtu wiki mbili,
usiende na swali la mbona hukuja.
Nenda na jembe, ulime mstari mmoja, maneno yatakuja yenyewe.
Mtu akisema mno, mvumilie.
Akisema mno kila wiki, mwambie,
na umwambie mkiwa wawili, na chai.
Watoto wasiketishwe nyuma.
Usiogope anayelia. Ogopa wote wakitoka wameridhika
na hakuna aliyemwuliza mwenzake hali ya nyumbani.

Na itakuja Jumapili utapanga viti na asije mtu.
Kaa hivyo hivyo. Kaa saa nzima, funga, nenda zako.
Mimi yamenikuta mara nne.
Mara ya tano mlango ulisukumwa,
akaingia kijana ana vumbi mpaka kwenye kope:
"Samahani mama, hapa ndipo wanapouza kreti?"
Nikakuonyesha kiti.
Kile chenye mguu mbovu, ndicho kilichokuwa karibu.