Kwa Njia ya Pua

Novemba, Bahi. Lambo limebaki kina cha kifua,
maji vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.
Ng'ombe walinywa upande wa tope,
watoto wakapiga mbizi upande wa mawe,
na Ndahani, bingwa wa kukaa chini,
alihesabiwa mpaka hamsini na tatu.
Akaibuka anacheka, anapenga.

Jumatano kichwa. Alhamisi shingo kama mpini.
Kipimo cha malaria: hakuna.
Ijumaa akamwita mama yake kwa jina la mbuzi wao.

Jumamosi maji ya uti wake wa mgongo
yalinifikia maabara, matone manne, yana ukungu.
Nilitafuta bakteria. Sikuwaona.
Nikaona kitu kinajongea:
kinatoa mguu ubavuni, kinahamia humo,
taratibu,
kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga.

Hakina kisasi. Hakimjui Ndahani.
Maji yakikauka hujifunga gamba, hulala topeni;
mvua zikirudi hufumuka, hula vijidudu, huishi zake.
Mtu hakimhitaji.

Mama yake alinikuta koridoni,
kanga ameifunga kiunoni kama anayekwenda shamba.
"Nilimkataza kuyanywa," akasema.
"Na hakuyanywa. Hata funda.
Sasa niambie, nilikosea wapi?"

Angeyanywa, tumbo lingekimaliza.
Hilo sikulisema.
Mimi niliyeogelea lambo lile lile utoto mzima,
nikapenga,
nikaenda zangu nyumbani kula.